Asiende Peke Yake

Kijitabu cha nyumba yenye mwanamke anayeugua saratani ya titi

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Mgonjwa mwenyewe amekwisha kuambiwa mengi. Hiki ni cha mume, mama mkwe, dada, wifi, shemeji, watoto waliokwisha kukua, na jirani anayeachiwa ufunguo wa nyumba. Mmoja wenu akisome kwa sauti jioni, wengine wasikilize. Mgonjwa naye akiwepo ni vizuri zaidi.

JAMBO LENYEWE

Asiende hospitali peke yake.

NINAYOYAONA GATINI

Nafanya kazi ya afya Ukerewe. Asubuhi, abiria wa Mwanza wakipanga foleni gatini Nansio, huwa namtambua kabla hatujasalimiana: mwanamke mwenye bahasha ya kaki ndani ya mfuko, kajitanda kanga mbili kifuani na baridi hakuna, pembeni yake hakuna mtu. Safari ya meli ni kama saa tatu. Kesho yake anashuka, namuuliza, "Mama, wamesemaje?" Ananijibu, "Wamesema nirudi." Lini? Hajui. Nikifungua bahasha nakuta tarehe ya upasuaji imeandikwa. Mara nyingine imekwisha kupita.

Msimwite mjinga. Mtu akishatajiwa saratani, masikio yanaziba. Daktari anaendelea kueleza, yeye anawaza mtoto wa mwisho yuko darasa la pili. Akifika nyumbani anawaambia, "Uvimbe tu, wamenipa vidonge," kwa sababu hana nguvu ya kuyarudia yale maneno mbele ya watu. Hofu inabaki kwake, hana wa kugawana naye. Mwezi wa tatu anaanza kunywa majani ya mstafeli. Mwezi wa nane titi limepasuka, linatoa harufu, na hapo ndipo ukoo mzima unakodi gari. Nimewahi kuwahesabu walioshuka kwenye gari moja: kumi na mmoja. Siku ya kwanza alihitaji mmoja.

ANAYEMSINDIKIZA AFANYE NINI

Abebe daftari na kalamu. Simu iwe na chaji.

Aingie naye chumba cha daktari, mgonjwa akikubali. Asiachwe kwenye benchi la nje kulinda mizigo.

Aulize mambo haya na aandike majibu palepale: Kinyama kilichochukuliwa kimeonyesha nini? Matibabu yanaanza na lipi, upasuaji au dripu ya dawa za saratani? Tunarudi tarehe gani? Likitokea jambo usiku, tumpigie nani?

Asimjibie. Nimeona waume wanaulizwa "mama anajisikiaje" wakajibu wao, na mama yupo pale ana kinywa chake. Nimeona pia ndugu wanamvuta daktari pembeni, wanamwomba amfiche mgonjwa. Msimfiche. Ataona nywele zinatoka, ataona nyuso zenu, na atajua mmemdanganya. Tangu siku hiyo naye hatawaambia ukweli.

Watoto wa miaka kumi si wasindikizaji.

Mkiwa wengi, gawaneni zamu. Dripu nyingi za saratani ya titi hutolewa kila baada ya wiki 3, na mizunguko ni kadhaa. Mtu mmoja atachoka, na kazi zake zitaharibika. Wanne wakipokezana, hakuna atakayechoka, na mgonjwa hataona aibu ya kuwa mzigo. Mionzi ni jambo jingine: ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 6. Hapo lazima mtafute pa kulala. Hospitali ya Bugando, Mwanza, mionzi ipo. Ipo pia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ulizeni mapema ni ndugu yupi ana chumba karibu.

Nasema tena: hata kliniki ya dakika tano, hata ya kuchukua vidonge, asiende peke yake. Safari ndogo ndizo zinazoachwa kwanza.

INAAMBUKIZA?

Hapana. Kuleni naye sahani moja, laleni naye, mpeni mtoto ampakate.

SABABU ZISIZO SABABU

Saratani ya titi hailetwi na noti zilizowekwa kwenye sidiria, wala simu iliyobanwa kifuani, wala laana ya shangazi. Haimpati mwanamke kwa kuwa alitoka nje ya ndoa. Kisu cha daktari hakiisambazi: wanaosema "alifanyiwa upasuaji ndipo akafa" wanasahau kuhesabu miezi aliyokaa nyumbani kabla ya kisu. Wala msianze kumtafuta mchawi. Mkimpata, mtakuwa mmepata ugomvi wa ukoo, na uvimbe uko palepale.

MGANGA, MAJANI NA MAOMBI

Maombi hayajawahi kugombana na dripu. Mchungaji, padri au shehe aje nyumbani, aombe, apewe chai. Lakini anayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani, mfungulieni mlango aondoke.

Majani ni habari nyingine. Mstafeli, mwarobaini, unga wa mizizi: baadhi ya vitu hivi vinagongana na dawa za hospitali au kulisumbua ini, na hakuna hata kimoja kinachoondoa saratani ya titi. Kama ameshakunywa, mwambieni daktari bila kuona haya. Tunaokumbuka mwaka 2011 tunakumbuka foleni za Loliondo, kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na watu walioweka dawa zao pembeni. Baadaye nani alirudi kuwauliza wanaendeleaje?

Na angalieni jambo hili. Wengi wanaokimbilia kwa mganga hawaendi kwa sababu wanaamini sana. Wanakwenda kwa sababu mganga anakaa nao, anawashika mkono, anawasikiliza saa nzima. Hospitali foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache. Hiyo saa nzima ya kusikilizwa aipate kwenu. Ndiyo maana sichoki kuwaambia asiende peke yake.

SIKU ZA DRIPU

Siku chache za mwanzo atachoka, atatapika, harufu ya samaki itamchukiza hata kama alizaliwa ziwani. Msimlazimishe ugali mkubwa. Kidogo kidogo, mara nyingi: uji, mtori, yai lililoiva sawasawa, sato mbichi akichemshwa bila mafuta mengi, matunda ya kumenya. Maji yachemshwe. Midomo ikitoka vidonda, asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo.

Kwa siku 2 baada ya dripu, anayesafisha matapishi, mkojo au choo chake avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Hiyo ni tahadhari juu ya dawa, na mgonjwa mwenyewe hana uchafu wowote. Mwelezeni hivyo, asije akadhani mnamkinai. Akiwa kwenye dripu asinyonyeshe na asibebe mimba. Wanandoa watumie kondomu na waulize kliniki kuhusu uzazi wa mpango, maana njia za homoni hazimfai.

HOMA! Dripu hupunguza kinga. Akipata joto la 38 au zaidi, au akianza kutetemeka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Msimpe Panadol mkasubiri kuche. Msiseme ni malaria ya kawaida. Mkifika, mwambieni wa mapokezi neno la kwanza kabisa: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani." Na hapo ndipo mtaelewa kwa nini hata nyumbani asilale peke yake wiki hizo.

NYWELE

Kwa dawa nyingi, nywele huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3 baada ya dripu ya kwanza. Zitaota tena. Wengine huomba wanyolewe kabla hazijaanza kudondoka mtoni au kwenye mto wa kulalia, na wifi mmoja aliyenyoa zake pia amefanya kazi kuliko mahubiri yangu yote. Kilemba cha kitenge kinatosha. Asipotaka kuvaa kitu, msimfunike.

BAADA YA TITI KUONDOLEWA

Mume, sehemu hii ni yako.

Atalifunika kovu hata gizani. Ataogea usiku. Usijifanye hujaona, wala usikimbilie kitanda cha watoto kwa kisingizio cha kumpa nafasi. Kaa. Muulize kama anataka ulitazame kovu. Akikataa leo, muulize tena siku nyingine. Ukimsaidia kubadili bendeji utakuwa umesema zaidi ya maneno. Tendo la ndoa si mwiko: afuate mwili wake, nawe umfuate yeye. Mwanamume anayeoa mke wa pili wiki ya dripu ya tatu, nami nimewaona wawili, asiniambie ni kwa ajili ya kupata mtu wa kupika.

Mkono wa upande uliokatwa una hatari ya kuvimba, wakati mwingine hata miaka baadaye. Asibebe ndoo kichwani kwa kuiinua na mkono huo, asipasue kuni, asitwange. Avae glavu akilima au akipara samaki, maana mkwaruzo mdogo unaweza kuleta maambukizi. Pete na bangili za kubana zivuliwe. Kipimo cha presha na sindano vipelekwe mkono mwingine. Mazoezi aliyoelekezwa ayafanye kila siku: vidole vipande ukutani taratibu kama mjusi, kila siku juu kidogo. Ukivimba, ukawa mwekundu au wa moto, arudi hospitali.

Titi la kuvaa hushonwa nyumbani: mfuko wa kitambaa laini wenye pamba, ndani yake nafaka kidogo ili uwe na uzito. Kidonda kiwe kimepona kwanza. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kuongeza mfuko ndani ya sidiria.

Akipewa vidonge vya tamoxifen, ni kila siku, kwa miaka 5 au zaidi. Kujisikia mzima si sababu ya kuviacha. Na kliniki za miaka hiyo yote? Asiende peke yake.

MANENO

Wageni wanaokuja kumpa pole wana mdomo hatari kuliko wanavyojua. "Hata mama fulani alikuwa nao huohuo, hakumaliza mwaka." "Umekonda!" "Jikaze, una watoto." Huyo wa kwanza mpokeeni nje, mpeni kiti chini ya mwembe, na asiingie ndani.

Semeni: "Nimekuja kufua." "Jumanne tunakwenda wote." "Unataka tuzungumze au tunyamaze?" Akilia, aachwe alie. Kulia hakuongezi ugonjwa.

HUZUNI INAYOZIDI

Kuhuzunika ni haki yake. Lakini kwa wiki mbili mfululizo halali, hali, haogi, hataki kuona watoto, anasema yeye ni mzigo, anagawa nguo zake: hiyo ni sonona, nayo ina tiba. Mwulizeni wazi kama anawaza kujidhuru. Swali hilo halimpi wazo jipya. Akisema ndiyo, asiachwe hata dakika, dawa za nyumbani na sumu za shamba ziondolewe, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

MAUMIVU

Asivumilie. Mofini ya maji ipo, inanywewa kwa saa zake, na anayeitumia kwa maumivu kama alivyoelekezwa hageuki teja. Italeta choo kigumu, basi aombe na dawa ya choo. Ulizeni hospitali huduma ya tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Kuipata hakumaanishi wamemkatia tamaa.

WATOTO

Waambieni jina la ugonjwa kabla hawajaambiwa shuleni.

PESA

Muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza ng'ombe. Bebeni barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mkishindwa nauli ya watu wawili, njooni tuzungumze. Msipunguze msindikizaji.

WANAWAKE WENGINE WA NYUMBA HII

Uvimbe titini au kwapani hata usiouma, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ngozi iliyovimba kama ganda la chungwa: zahanati wiki hii. Wanaume nao hupata, ingawa ni wachache. Nanyi msiende peke yenu.

UKURASA WA KUKATA NA KUBANDIKA UKUTANI

Tarehe ya kliniki: ____________
Anamsindikiza: ____________
Akipata dharura, badala yake: ____________
Anayebaki na watoto: ____________

Tarehe ya kliniki: ____________
Anamsindikiza: ____________
Akipata dharura, badala yake: ____________
Anayebaki na watoto: ____________

Simu ya wodi, usiku: ____________