Uvimbe wa maji kwenye ini: usitobolewe kabla ya kupimwa

Wiki hii tuangalie uvimbe ambao kwa wengi wetu ni nadra, lakini umewasumbua sana wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kitaalamu unaitwa haidatidi. Ni mfuko wa maji wenye tegu wachanga wa mbwa.

Mtu huupataje?
Mbwa akila maini au mapafu yenye mifuko hii, tegu hukomaa tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mtu huyameza kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huyapata malishoni. Kula nyama ya mnyama huyo hakumwambukizi mtu. Hatari hupitia kwa mbwa.

Dalili na vipimo
Mara nyingi uvimbe hukaa kwenye ini, ukifuatiwa na mapafu. Hukua polepole, pengine miaka mingi bila dalili. Baadaye huja uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa na kichefuchefu. Jipu la ini na saratani nazo huleta dalili kama hizo, hivyo kupapasa tumbo hakutoshi. Kipimo kikuu ni ultrasaundi, ambayo haiumizi. Kipimo cha damu husaidia, lakini kinaweza kuonyesha huna ilhali unao. Mweleze daktari kama unaishi na mbwa au mifugo.

Tahadhari
Usikubali kuchanjwa, kukandwa wala kutobolewa tumbo mitaani. Mfuko ukipasuka, mwili unaweza kupata mshtuko unaoua kwa muda mfupi, na tegu wakasambaa na kuota uvimbe mpya. Hospitalini, kulingana na hali ya uvimbe, daktari ataamua: vidonge vya albendazo, kuvuta maji kwa sindano huku akiongozwa na ultrasaundi, upasuaji, au kuufuatilia tu.

Kinga
Tunapochinja, hasa Idd el-Hajj, maini na mapafu yenye mifuko ya maji yasitupwe jalalani wala kupewa mbwa. Yachomwe moto au yafukiwe shimo refu. Mbwa wa ulinzi apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Watoto waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mwenye uvimbe tumboni asingoje maumivu yazidi, aende akapimwe.