Kutu iliyojificha chini ya gari

Katika majimbo yenye baridi nchini Marekani, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Wenye pikapu za Toyota Tacoma za mwaka 1995 hadi 2000 walilalamika kwamba chesi, yaani fremu inayobeba gari zima, zilikuwa zinaliwa na kutu hadi kutoboka, huku bodi ikionekana nzima.

Mwaka 2008 kampuni iliongeza dhamana ya chesi hizo hadi miaka 15. Baadaye wenye pikapu za mwaka 2005 hadi 2010 walikwenda mahakamani kwa pamoja. Mwaka 2016 kampuni, bila kukiri kosa, ilikubali kukagua magari hayo na kubadilisha chesi zilizotoboka.

Malalamiko yaliyounganishwa yalisikika. Lakini dhamana huisha, na kutu huendelea. Kwa hiyo, kabla ya kununua pikapu kuukuu:

- Mwombe fundi aliegemeze gari imara. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
- Gonga chesi kwa nyundo ndogo, hasa karibu na springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito au hubonyea.
- Jihadhari na rangi mpya chini ya gari. Huenda inaficha matundu.

Maswali ya kujadili

- Gari la kikundi chenu lilikaguliwa chini lini?
- Mkigundua kasoro, mtaandika nini, na mtaungana na nani?