Somo la Jikoni: Viazi Vitamu vya Kikaango, Mlo Kamili kwa Chombo Kimoja

Kila ifikapo msimu wa mitihani hapa Uingereza naona mambo yale yale. Mtu katoka maktaba saa tatu usiku, au katoka kubeba boksi, jikoni hana hamu ya kusimama, basi ananunua chipsi au anapiga pasi ndefu hadi kesho. Wiki mbili za namna hiyo, pesa imekwisha na kichwa kizito. Mimi nasoma uhandisi, siyo upishi, lakini nina umri wa miaka 30 na nimejipikia muda mrefu. Leo naomba tujifunze mlo mmoja unaoshibisha, unaochukua kama dakika 35, na unaochafua chombo kimoja tu.

Kwanza tukijue kiazi chenyewe. Viazi vitamu vinavyojaa kwenye supamaketi za huku ni vya rangi ya chungwa. Vyetu vingi tulivyozoea nyumbani ni vyeupe au vya manjano hafifu, vikavu, vyenye wanga mwingi; ukivichemsha vinakuwa kama unga, unakula na chai. Hivi vya chungwa vina maji mengi zaidi. Ukivichemsha kama vya nyumbani vinalegea, vinakuwa uji, na ndiyo maana wengi wetu husema "viazi vya Wazungu havina ladha". Ladha ipo, ila vinataka moto mkavu. Kikaango ndicho dawa yake.

Tena msividharau. Rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kule kwetu aina hii huitwa viazi lishe, na mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Yeye na wenzake wawili walitambuliwa kwa kazi yao juu ya viazi hivi. Beta-karotini huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mafuta na mayai ya mlo huu yanausaidia mwili kuipata.

Mahitaji (watu wawili, au mtu mmoja siku mbili)

- Viazi vitamu 2 vya wastani, kama gramu 500
- Kitunguu maji 1 na pilipili hoho 1
- Kitunguu saumu punje 2
- Maharage mekundu ya kopo, gramu 400
- Sukuma wiki au spinachi, konzi mbili
- Mayai 2 au 3
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula
- Binzari nyembamba (ile ya pilau) nusu kijiko cha chai, pilipili manga, chumvi
- Nusu ndimu
- Kikaango kipana chenye mfuniko. Kama huna mfuniko, sahani kubwa ya bati inatosha

Namna ya kupika

1. Osha viazi, menya ukipenda, kata vipande vya mraba vya sentimita moja na nusu. Hapa sitanii: vyote viwe sawa. Joto huingia ndani ya kipande polepole, na unene ukizidi mara mbili, muda wa kuiva huzidi karibu mara nne. Ukichanganya vikubwa na vidogo, vidogo vitaungua wakati vikubwa bado vigumu.

2. Vikaushe kwa kitambaa safi. Maji hayapandi juu ya nyuzi joto 100, na kiazi hakipati ile rangi ya kahawia yenye harufu nzuri mpaka uso wake ufike kama nyuzi 140. Kikiwa kimelowa, moto wote unaishia kukausha maji.

3. Pasha kikaango moto wa kati, tia mafuta, panga viazi safu moja. Usivirundike, vitajipika kwa mvuke. Viache dakika 4 bila kuvigusa, geuza, viache dakika 4 nyingine.

4. Tia vijiko 3 vya maji ukiyamwaga pembeni taratibu, funika haraka kwa dakika 5. Mvuke utaivisha ndani. Choma kwa uma. Ukipenya bila shida, funua na uache maji yakauke.

5. Sogeza viazi upande mmoja. Upande wa pili kaanga kitunguu na hoho dakika 4, kisha kitunguu saumu na binzari dakika 1 tu, maana huungua upesi. Tia maharage uliyoyachuja na kuyasuuza, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, na chumvi. Changanya vyote, dakika 3.

6. Punguza moto. Majiko mengi ya umeme hupoa polepole, hivyo inua kikaango kwanza, usubiri kidogo. Fanya vishimo, pasulia mayai humo, funika dakika 4 au 5 mpaka ute uwe mweupe. Kamulia ndimu, nyunyiza pilipili manga, karibu mezani.

Tahadhari

Wanaobana matumizi hununua maharage makavu. Ni sawa kabisa, ila maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo upunguze moto hadi yaive. Usiyatie moja kwa moja kwenye lile jiko la umeme la kupika polepole, kwa kuwa joto lake huenda lisitoshe kuua sumu hiyo.

Mafuta yakishika moto, kamwe usimwagie maji. Kama unaweza kuifikia swichi salama, zima jiko, usikiinue kikaango. Moto ukizidi, toka, funga mlango, piga simu 999.

Viazi vibichi visikae kwenye friji. Baridi huvifanya vigumu katikati. Vitie kabatini penye hewa. Kilichopikwa, kikipoa, kiingie friji ndani ya saa mbili, ukile ndani ya siku mbili. Mayai ya kesho upasulie kesho.

Asiyekula mayai aongeze maharage. Mwenye hamu ya nyumbani abadilishe maji ya hatua ya 4 kwa tui la nazi, vijiko vitano, na pilipili mbuzi moja nzima.

Mwisho, wapo wenzetu wapya waliofika juzi ambao wanaona haya kusema kwamba hawajala. Ukipika, ongeza kiazi kimoja, gonga mlango wa jirani. Kikaango cha sentimita 28 kinatosha watu watatu.