Ukipotea Msituni: Kibanda cha Kukuvusha Usiku

Wakazi wa Nyandarua wanaopakana na msitu wa Aberdare wanaujua ukungu wa Julai. Hushuka ghafla alasiri, na mchungaji anayemsaka ndama aliyepotea akajikuta haioni njia aliyojia. Kutembea gizani huko ni hatari kuliko kulala: kuna nyati na tembo, na mto unaoufuata waweza kukufikisha kwenye maporomoko. Ya Karuru yana urefu wa mita 273. Saa kumi na moja jioni ikikukuta bado umepotea, simama uanze kujenga, kwa sababu saa moja giza limeshatanda.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na njia za wanyama na miti yenye matawi makavu juu yako.

Wengi hukimbilia kuezeka na kusahau sakafu, ilhali ardhi baridi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Tanguliza kitanda. Rundika majani makavu ya mianzi, matawi mateto na nyasi mpaka, ukishalala juu yake, unene ubaki angalau shubiri moja.

Kisha tafuta mti mwembamba ulioanguka, unaokuzidi urefu kwa nusu. Ncha moja iegemeze kwenye panda ya mti iliyo usawa wa kiuno, nyingine iguse chini. Pangia fito kila upande kama mbavu, halafu ezeka kwa majani ukianzia chini kupanda juu, kama paa la nyasi, ili maji yateleze. Mkono ukizama hadi kiwiko kabla ya kugusa fito, hapo inatosha.

Kibanda kiwe kidogo, cha kuingia kwa kutambaa. Kikiwa kikubwa, pumzi yako haitakipasha joto. Mlango uupe upepo kisogo, na uuzibe kwa furushi la majani. Moto usiwashwe ndani hata kidogo.

Panga haihitajiki. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kukata miti bila kibali, na vilivyoanguka vinatosha.

Kabla ya kuingia msituni, mwambie mtu wa nyumbani unapitia wapi na utarudi saa ngapi. Mtandao ukipatikana, piga 999 au 112. Kukicha, tundika nguo ya rangi kali mahali peupe na ukae karibu na kibanda, kwani wanaokutafuta humpata upesi aliyetulia mahali pamoja.