Stata ya Land Rover Kuukuu Ikikataa Kuzungusha Injini

Bwana mkulima, ni saa kumi na moja alfajiri. Mikebe ya maziwa imekwisha kupakiwa, nawe unabonyeza kitufe cha stata. Injini haigeuki. Lori la chama cha ushirika halitakungojea huko barabarani, na maziwa ya jana jioni yakikaa mpaka saa nne yatachacha. Ndipo wengi wetu hufanya kosa la kwanza: kubonyeza tena na tena mpaka nguvu kidogo iliyobaki katika betri ikaisha kabisa.

Somo hili ni juu ya Land Rover za petroli za Series II na IIA, zilizotengenezwa Solihull, Uingereza, tangu 1958 hadi 1971. Lakini mwenye Peugeot 404 au trekta kuukuu asiruke ukurasa huu. Mengi yatamfaa naye pia.

Kwanza yakupasa kujua kazi ya stata. Stata ni mota ya umeme. Ukibonyeza kitufe au ukigeuza ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi, ambayo ni swichi kubwa. Swichi hiyo hufungua njia, na umeme mwingi hupita katika waya mnene kutoka betri mpaka stata. Mota inapoanza kuzunguka kwa ghafula, gia ndogo iliyo kwenye mhimili wake huteleza mbele ikauma meno ya gurudumu zito la injini. Injini ikiwaka, gia hiyo hutupwa nyuma mahali pake. Ni kama maji ya bomba shambani: betri ni tangi, waya ni bomba, solenoidi ni bilula. Maji yasipofika zizini huanzi kwa kuvunja hori la ng'ombe. Unafuata bomba tangu kwenye tangi.

Sasa tufanye jaribio, nalo halihitaji chombo chochote. Toa gia, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa. Mwambie mtu asimame kando ya gari, si mbele yake, aziangalie taa wakati unapobonyeza stata. Taa zitakuambia mahali pa kutafuta.

Zikiwa hafifu tangu mwanzo, betri haina nguvu. Mwenye kipimo cha volti ajue kwamba betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha kama 12.6, ikiwa chini ya 12 imekwisha. Zikiwaka vizuri, kisha zikazimika ghafula unapobonyeza, basi mara nyingi kichwa cha waya kimelegea au kimeliwa na kutu. Zikififia sana na stata ikatoa mlio mmoja tu, "kk!", ama betri imechoka, ama waya haupitishi vizuri, ama gia ya stata imenasa, au injini yenyewe imekwama. Zikibaki kuwaka vile vile na usisikie kitu, umeme haufiki katika stata: tazama kitufe, solenoidi, na mwisho brashi za kaboni zilizo ndani ya stata.

Katika magari ninayoletewa kuyatazama hapa ofisini (maana karani wa kilimo huulizwa kila kitu), ugonjwa wa kawaida ni kutu kwenye vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani si uchafu wa barabarani. Ni kazi ya asidi. Fungua kwanza waya unaokwenda kwenye chasi, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete cheche. Osha vichwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, yale yale ya jikoni. Yatatoa povu, maana magadi huua asidi. Usiache hata tone liingie ndani ya betri. Kwangua mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Wala usivute sigara hapo, wala usiwashe kibiriti kuona ndani, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka.

Jambo moja la kuangalia: magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yamefungwa waya wa chanya kwenye chasi, kinyume cha magari ya leo. Kabla ya kufunga betri mpya, soma alama na ufuate ilivyokuwa.

Usisahau ule mkanda wa shaba unaounganisha injini au gia boksi na chasi. Injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo mkanda huo ndio njia ya kurudia. Marehemu baba yangu alikuwa na Land Rover ya 1964. Ilipokataa, fundi mmoja mjini alimwambia stata imekufa, akauza nyingine. Baada ya siku mbili ilikataa vile vile. Nami nilipoguta kwa uchungu, maana nilishika waya wa choki nikaungua vidole, ndipo tulipofahamu: mkanda ulikuwa umekatika chini, na umeme wote ulikuwa ukitafuta njia kupitia waya ule mwembamba. Pesa za stata zilikuwa karo ya shule ya ndugu yangu. Basi ukiona waya wa choki au wa mafuta unapata moto unapobonyeza stata, usiende dukani. Ingia chini ya gari.

Stata ikivuma kwa kasi lakini injini isigeuke, gia ndogo imeshikwa na uchafu. Ifunguliwe, isafishwe kwa mafuta ya taa, na iachwe kavu. Ukiipaka oili au grisi vumbi letu litaigandisha tena.

Gia ikiwa imenasa kwenye meno, zima ufunguo, tia gia ya nne, legeza breki mahali tambarare, utikise gari mbele na nyuma mpaka usikie imeachia. Stata nyingi za Lucas zina pia ncha ya pembe nne nyuma, chini ya kifuniko kidogo; izungushe kwa spana.

Je, injini yenyewe i mzima? Toa gia, ufunguo ukiwa umezimwa, ujaribu kuigeuza kwa hendeli. Ikikataa kabisa usilazimishe. Toa plagi zote ujaribu tena. Maji yakiruka kutoka silinda moja, kazi hiyo ni ya fundi, si ya stata.

Ikigeuka vema, unaweza kuiwasha kwa hendeli hiyo hiyo ukapeleka maziwa. Lakini hakikisha tena kwamba gia imetoka na breki imevutwa. Shika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, ukaivute kwenda juu, usiisukume kwenda chini. Injini ikirudisha kwa nguvu, hendeli hufungua kiganja na kuondoka. Aliyezungusha gumba upande wa pili huvunjika, na mkono uliovunjika haukamui ng'ombe.

Wako wanaopenda kuruka kitufe kwa kuunganisha ncha mbili za solenoidi kwa spana. Hilo huleta cheche kubwa, na gari likiwa katika gia litamkanyaga aliyesimama mbele. Solenoidi nyingine za Lucas zina kitufe cha mpira cha kubonyeza kwa gumba. Kama yako inacho, tumia hicho.

Betri ikichajiwa leo na keshokutwa ikaisha tena, tazama mkanda wa feni na dainamo. Dainamo za zamani hazichaji injini inaponguruma polepole, na safari fupi ya kwenda kituo cha maziwa na kurudi hairudishi nguvu iliyotumiwa kuwashia, hasa taa zikiwa zinawaka. Mara moja kwa juma liendeshe gari mwendo mrefu zaidi mchana, au upeleke betri ikachajiwe.