Tunapopima seva ya kuiga, tunapima nini?

Nimekuwa nikikutana na vijana wanaosomea kompyuta ambao hupenda kuchunguza michezo ya intaneti inavyofanya kazi. Ni jambo zuri, maana anayefungua kitu aone kilivyoundwa hujifunza zaidi kuliko anayekitumia tu. Lakini iko hoja moja naiona inapita bila kujadiliwa. Kijana anaweka seva ya kuiga katika kompyuta yake, anapima anachopima, kisha anakuja na jedwali la namba na kusema: "Hivi ndivyo mchezo ulivyo." Je, ni kweli kaupima mchezo?

Tuchukue mfano wa World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard ya Marekani uliotoka mwaka 2004. Mchezaji anakuwa na programu katika kompyuta yake. Ndani yake mna picha, sauti na ramani. Hukumu, hata hivyo, hazitolewi hapo. Mchezaji akimpiga mnyama, programu yake hupeleka ombi tu. Seva ya kampuni, iliyo mbali, ndiyo inayoamua kama pigo limempata, amebakiwa na uhai kiasi gani, na akifa ataacha kitu gani. Seva hiyo haiuzwi wala haigawiwi. Siku kampuni ikiizima, ile programu ya mchezaji inabaki kama simu isiyo na mtandao. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchezo wa Star Wars Galaxies, uliozimwa Desemba 2011.

Basi wakatokea watu wa nje wakaandika seva yao wenyewe. Hiyo ndiyo inayoitwa emuleta ya seva, yaani programu inayojifanya kuwa seva ya kampuni. Kwa World of Warcraft iliyojulikana mno ni MaNGOS, iliyoanza mwaka 2005, na TrinityCore iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2008. Msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Waandishi wake hawakuwa na seva ya kampuni mkononi. Walichokuwa nacho ni pakiti za data zinazopita kati ya mchezaji na seva. Walizinasa, wakazisoma, wakaandika programu inayojibu vivyo hivyo.

Sasa tutazame namba zinatoka wapi, maana hapa ndipo penye mtego. Nguvu ya uchawi fulani, muda wake na umbali wake, kwa sehemu kubwa vimo katika mafaili ya programu ya mchezaji. Hayo yameandikwa na kampuni yenyewe, hivyo ni dalili yenye nguvu. Mpangilio wa pakiti nao ni dalili nzuri, kwa sababu ulionekana ukipita. Lakini uwezekano wa mnyama kuacha upanga adimu hauandikwi popote kwa mchezaji. Kampuni inao katika seva yake basi. Waandishi wa emuleta walijaza safu hiyo kwa kuhesabu yaliyowapata wachezaji wengi, na pengine kwa kukisia.

Msomaji aone hatari yake. Tuseme mwandishi wa emuleta ameandika asilimia 1. Mtafiti anakuja, anaua wanyama 10,000, anapata panga zinazokaribia 100, anafurahi kwamba amegundua asilimia 1. Hakugundua kitu! Ameirudia namba aliyoiandika mtu mwingine, naye angeweza kuisoma katika kanzidata kwa dakika moja. Na yule wa kwanza aliipataje? Kitu chenye uwezekano wa asilimia 1, ukiua wanyama 100, bado kuna nafasi ya asilimia 37 hivi usikipate hata kimoja. Ukiua 300, nafasi hiyo inabaki asilimia 5. Aliyehesabu wachache anaweza kukosea sana, na kosa lake likarithiwa na kila anayenakili kanzidata ile.

Kwamba jambo hili si la kufikirika tu, tuna ushahidi. Mwaka 2019 Blizzard waliurudisha mchezo wao wa zamani kwa jina la WoW Classic. Wakati wa majaribio walipokea malalamiko mengi ya hitilafu. Mwezi Mei mwaka huo wakatoa orodha ya mambo yaliyolalamikiwa ambayo hayakuwa hitilafu. Walikuwa wamelinganisha na toleo la zamani, 1.12, walilokuwa wakiliendesha wenyewe. Mojawapo lilihusu mchezaji aliyeketi chini. Wachezaji walidai kuwa akipigwa pigo kuu akiwa ameketi, baadhi ya nguvu zake lazima ziamke. Kampuni ikajibu kuwa haziamki. Huenda baadhi ya waliobishana walikuwa wamecheza katika seva za kuiga, na kwao hizo ndizo zilizokuwa kipimo.

Iko pia sheria. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwapa haki Blizzard dhidi ya walioandika bnetd, emuleta ya huduma ya Battle.net. Mwaka 2010 mtu aliyeendesha seva ya World of Warcraft na kuchukua fedha za wachezaji aliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 88. Anayetaka kujifunza asome mkataba anaoukubali, na asifungue duka.

Je, emuleta haina faida? Ninavyoona mimi inayo kubwa, ila kwa maswali yanayoifaa. Unaweza kubadilisha jambo moja, ukaacha mengine yote kama yalivyo, ukatazama programu ya mchezaji inafanya nini. Unaweza kuipa jibu la uongo uone inaamini nini na inakagua nini. Hayo seva ya kampuni haikuruhusu.

Chukua tauni ya Septemba 2005. Dubwana liitwalo Hakkar lilikuwa likiwaambukiza wachezaji ugonjwa uliokusudiwa uishie ndani ya eneo lake. Wanyama wafugwao na wachezaji wakautoa nje, miji ikajaa mifupa. Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika juu yake mwaka 2007 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, kwa kuwa waliona funzo kuhusu magonjwa ya kweli. Katika emuleta leo, mtafiti anaweza kuurudia ugonjwa ule: mnyama arudishwe mjini akiwa ameambukizwa, uhesabiwe muda hadi mtu wa kwanza kuanguka. Lakini waliokimbia miji, waliobaki kuwatibu wenzao, na walioingia mjini kwa udadisi tu, walikuwa watu. Hao hawamo katika kanzidata, na mtafiti aliye peke yake na seva yake hawezi kuwapata kwa kuongeza safu nyingine.