Debe, Dumu na Kiberiti: Akiba ya Nyumbani Kabla ya Masika

Wahenga walisema akiba haiozi. Bila shaka hawakuwa wanazungumzia unga. Akiba ya chakula huoza: dona huwa chungu, maharage hubunguliwa, mafuta huvunda, dawa hupita muda wake kabatini bila mtu kujua. Kwa hiyo kijitabu hiki hakikuambii ujaze chumba magunia. Kinakuomba uwe na chakula cha wiki moja zaidi ya kile unachopika sasa, uile akiba hiyo, uijaze, uile tena. Gunia linalosubiri siku ya shida bila kuguswa ndilo linalokutwa na panya siku hiyo ikifika.

Na siku hiyo hufika. Desemba 3, 2023, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh. Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia. Majanga haya hayafanani. Tope la mlimani halikupi nafasi ya kufunga hata kanga. Mafuriko ya bondeni mara nyingi hupanda huku unayaona, yakakata barabara na kukuacha nyumba kavu ila duka tupu. Ndiyo maana tunazungumzia akiba mbili: ile inayokaa ndani, na mfuko mmoja unaoning'inia karibu na mlango.

Maji kwanza

Baada ya mafuriko, kinachotangulia kubisha hodi ni kuhara, njaa huja baadaye. Maji yanapofunika vyoo na visima kwa pamoja, kisima si kisima tena. Waliokuwa Dar es Salaam Agosti 2015 wanakumbuka kipindupindu kilivyoanza mjini na kusambaa mikoani.

Piga hesabu hivi: kila mtu lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia. Nyumba ya watu 6 kwa siku tatu inahitaji lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Ya wiki nzima yangekuwa madumu tisa, na ni nyumba chache zenye nafasi hiyo. Weka manne yaliyojaa, halafu weka pakiti ya vidonge vya kutibu maji kwa ajili ya siku zinazobaki.

Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba halifai, hata ukilisugua kwa mchanga mpaka ling'ae. Chagua lenye mdomo mwembamba, usiopitisha mkono wa mtoto wala kikombe kichafu, na uyabadilishe maji kila baada ya wiki mbili. Ya zamani fulia.

Ukilazimika kutumia maji ya tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kipande safi cha kanga kilichokunjwa mara nne, kisha uyachemshe mpaka yatokote kwelikweli. Usipokuwa na moto, weka kidonge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Kidonge kwenye maji yenye tope hupoteza nguvu, kwa hiyo kuchuja kusirukwe. Wengi wetu tumezoea shabu au mbegu za mlonge. Zote hutuliza tope vizuri, lakini maji meupe si lazima yawe maji salama: baada ya shabu bado chemsha.

Debe la wiki

Kipimo kinachotumika sana katika kugawa chakula cha msaada ni hiki: kwa mtu mmoja kwa siku, nafaka gramu 400, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kwa watu 6 kwa siku 7 utapata nafaka karibu kilo 17, ambazo ni kama debe moja; mikunde kilo mbili na nusu; mafuta zaidi kidogo ya lita moja; chumvi yenye madini joto robo kilo. Debe moja! Watu wakisikia neno akiba hudhani ni jambo la wenye maghala. Ukinunua baada ya mavuno bei ikiwa chini, au ukiongeza kidogo kila uendapo sokoni, miezi miwili haipiti kabla hujalijaza.

Weka chakula ambacho nyumba yako hula. Sembe hudumu kuliko dona, kwa sababu dona imebaki na kiini cha punje chenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo huharibika. Anayependa dona aweke mahindi makavu na asage kidogo kidogo. Choroko na dengu huiva mapema kuliko maharage, jambo kubwa siku ambazo kuni zimelowa. Dagaa wakavu, karanga na tende hutoa nguvu nyingi katika nafasi ndogo, na karanga zilizokaangwa na tende hazihitaji moto. Sukari na majani ya chai wengine watasema ni anasa. Sisi tunasema weka. Usiku wa kwanza kwenye darasa la shule pamoja na majirani waliopoteza nyumba, kikombe cha chai tamu hutuliza watoto na wakubwa.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hana debe lake. Akiba yake ni mama yake: mpe mama chakula na maji ya kutosha, naye aendelee kunyonyesha. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya mafuriko ni hatari kuliko ukosefu wa maziwa hayo.

Sumukuvu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo akiba inapoweza kuua. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizikuta familia za Dodoma na Manyara. Haya yalikuwa mahindi yao wenyewe, ya shambani kwao.

Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haina harufu, huwezi kuionja, na kuichemsha hakuiondoi. Unachoweza kufanya ni kuzuia ukungu usiote, na silaha ya kwanza ni ukavu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha jaribu kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isiponata, yanaweza kuingia ghalani. Kabla ya kusaga chambua kwa mkono, punje kwa punje kama unavyochambua mchele, utupe zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa. Kukoboa nako hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini.

Kisha kuna dumuzi. Mdudu huyu aliingia Tabora kutoka Amerika, akafahamika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania. Hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyoachwa kwenye magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema. Uchaga wa bibi zetu, pale juu ya mafiga, ulitumia moshi kukausha na kufukuza wadudu, na kwa wadudu wa zamani ulifaa. Dumuzi anatoboa hata miti ya kihenge. Leo dawa nzuri ni mfuko wa tabaka tatu. Jaza nafaka kavu, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, uuweke juu ya mbao mbali na ukuta. Wadudu walio ndani humaliza hewa wakafa, bila kiuatilifu chochote. Kuufungua kila siku kuchota kibaba ni kuwaletea pumzi mpya. Chota cha wiki nzima kwa mara moja.

Vile vidonge vya kufukiza vinavyouzwa kwa wenye maghala makubwa visiingie katika nyumba ya kulala. Hewa inayotoka humo huua watu usingizini.

Mhogo na njia ya mkato

Mihogo michungu ni akiba ya ardhini, na nyakati za ukame ndiyo inayobaki imesimama. Ina sumu inayoondolewa kwa kuloweka siku kadhaa, kuvundika na kukausha. Njaa ikibana, watu hufupisha kazi hiyo. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, ilizuka konzo: mtu, mara nyingi mtoto au mama, anaamka miguu imekakamaa na hairudi tena kama zamani. Weka makopa yaliyokaushwa vizuri wakati wa neema, ili wakati wa dhiki usilazimike kuharakisha.

Moto

Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake. Yakishachemka nusu saa, ingiza sufuria yenye mfuniko ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au maranda, funika kwa blanketi: yataendelea kuiva bila kuni, kisha yachemshe tena kidogo kabla ya kula. Viberiti viweke kwenye chupa yenye kizibo.

Mvua ikiwa kubwa utatamani kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo, hata kwa robo saa ya kuota moto. Mkaa hutoa hewa isiyo na harufu inayolaza familia nzima isiamke.

Mfuko wa mlangoni

Anayetumia dawa kila siku, za presha, kisukari, kifafa au kufubaza VVU, azungumze na kliniki yake apate za wiki mbili za ziada kabla ya masika. Insulini isipigwe na jua; pasipo friji, ifunge kwenye mfuko mkavu uiweke ndani ya mtungi wa udongo unaolowanishwa kwa nje. Ongeza pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na zinki ya watoto: wa zaidi ya miezi 6 kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, wa chini yake nusu kidonge. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Mchanganyiko huo ukilala, mwaga.

Halafu karatasi: vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, hati ya kiwanja, zote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Tochi, redio ndogo, filimbi, taulo za kike, sabuni, noti ndogondogo kwa sababu hakuna wa kukupa chenji. Andika kwa kalamu, si kwenye simu peke yake, namba 114 ya Zimamoto na 199 ya huduma za afya.

Maji yakishashuka

Makopo ya bati yasiyovimba wala kutoboka yaoshe kwa sabuni na maji yenye klorini ndipo uyafungue. Chochote kingine kilichoguswa na maji hayo kinatoka. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana mkono unaotupa unga ni uleule ulioununua, na jua la asubuhi inayofuata huwa kali na turubai ipo. Usiuanike. Wala usiwape kuku: sumukuvu wanayoila huwarudia wanao kupitia mayai.